Uzito Umekwenda Wapi?

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa sentimita 12.

Msimu ule roboti yetu ya mashindano ya wanafunzi ilitakiwa kuokota kisanduku cha nusu kilo sakafuni na kukipandisha kwenye rafu yenye kimo cha sentimita 60. Kisanduku kilikuwa wazi kwa juu na kimejaa vipira, kwa hiyo kikiinama tu, pointi zinamwagika. Kanuni zilitaka roboti ianze ikiwa imejikunja ndani ya sentimita 45 kila upande. Kengele ikishalia, ijinyooshe itakavyo.

Kwamba mkono uwe wa msambamba, hilo tulikubaliana mapema. Mkono wa upau mmoja ni rahisi kutengeneza, lakini ukiuinua nyuzi 60, koleo la kushikia kisanduku nalo linageuka nyuzi 60 pamoja na kilichomo. Unaweza kutia mota ya pili kwenye kifundo ili ilinyooshe koleo, ila mota hiyo ni mzigo mwingine uliouweka mahali pabaya kuliko pote, kule kwenye ncha. Msambamba hauna haja nayo. Unachukua pau mbili za urefu mmoja, unazipanga moja juu ya nyingine, nyuma unazifunga kwenye nguzo na mbele unazifunga kwenye kibao kifupi cha wima. Nguzo haigeuki, basi kibao nacho hakiwezi kugeuka. Kinapanda na kushuka kikiwa kimesimama vilevile. Mota moja inatosha, bila kihisi na bila mstari hata mmoja wa programu. Mpaka leo naipenda mashine ambayo jiometria yake inaipunguzia kompyuta kazi.

Mimi nilikuwa mchoraji wa timu. Nilichora pau za sentimita 40, egemeo la chini, yaani pini ya kwenye nguzo ambayo upau unaizunguka, likiwa sentimita 38 kutoka sakafuni na la juu sentimita 6 juu yake, ili lisivuke ile 45. Mkono ungeanzia nyuzi 50 chini ya usawa na kuishia nyuzi 60 juu yake, na hapo ncha inapanda zaidi ya sentimita 65. Nilikata pau za kadibodi, nikazitoboa, nikazishika kwa pini juu ya karatasi kubwa na kufuata njia ya ncha kwa penseli. Kuna jambo pale ambalo hesabu ya kimo pekee haikuambii: ncha haipandi wima, inakwenda kwa tao. Ikiwa chini kabisa iko kama sentimita 26 mbele ya nguzo, ikifika usawa iko 40, ikifika juu inarudi mpaka 20. Dereva akiisogeza roboti karibu mno na rafu halafu ndipo ainue mkono, ataibomoa rafu akiwa njiani. Niliuchora mstari huo kwa wino mwekundu nikaubandika ukutani, na dereva wetu akawa anaupita kila siku bila kuutazama, kama kawaida ya madereva.

Shida ilikuwa kule chini. Nguzo ilisimama sentimita 20 nyuma ya ukingo wa mbele wa roboti, kwa hiyo mkono ukishuka, ncha ilitokeza nje kwa sentimita chache tu. Kisanduku kingegonga fremu kabla ya koleo kukishika. Kurefusha pau haikuwezekana, zingegonga sakafu. Njia iliyobaki ilikuwa kuliweka koleo sentimita 12 mbele ya kibao, kwa kipande kilichojitokeza kama tawi.

Hapo ndipo Fundi alipokataa. Tulimwita Fundi kwa sababu kila chombo cha karakana kilikuwa mkononi mwake au kimetoka mkononi mwake. Alikuwa mtu wa kuhesabu kwa sauti. Koleo na kisanduku ni gramu 900, yaani karibu nyutoni 8.8. Pau zenyewe gramu 300, uzito wake ukihesabiwa katikati, sentimita 20 kutoka egemeo. Mzigo ukiwa umbali wa sentimita 40, egemeo linadai nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 4.1, yaani uzito mara umbali. Ukiusogeza mpaka 52, linadai 5.2. Mota yetu ilikuwa na uwezo wa 2.1 kabla ya kukwama, na kwa gia ya meno 12 inayozungusha ya meno 60 uwezo huo unakuwa 10.5. Tulishajiwekea kwamba mkono usiile mota zaidi ya asilimia 40, kwa sababu mota ya umeme ikishikiliwa karibu na kikomo chake inachemka, na mota iliyochemka inalegea katikati ya mchezo. Asilimia 40 ya 10.5 ni 4.2.

"Arobaini inapita, hamsini na mbili haipiti," alisema. "Tubadilishe gia, tuweke ya meno 84."

Gia ya meno 84 isingeenea kati ya nguzo zetu. Ingebidi kubomoa mnara mzima.

Aliyembishia alikuwa dada aliyeandika programu. Hakuwa na hesabu ndefu. Alichosema ni kwamba mota haiijui hiyo 52. "Kibao hakizunguki, Fundi. Kinapanda tu. Mkono ukiongezeka nyuzi moja, mzigo ulioko kwenye kibao na mzigo ulioko nje kwenye tawi vyote vinapanda kimo kilekile. Sasa mota ikulipie nini cha ziada?"

"Wewe ning'iniza ndoo mwisho wa fimbo uone kama mkono wako haujui."

"Fimbo inazunguka! Hiki hakizunguki!"

Wakanigeukia mimi, maana mchoro ulikuwa wangu. Nikawaambia ukweli wangu wa wakati ule, kwamba nikimsikiliza Fundi namwona ana haki, na nikimsikiliza dada namwona ana haki. Mwalimu wetu alikuwa amekaa pembeni anasahihisha madaftari. Hakuinua hata kichwa. "Kitu kinachopimika mnakibishania nini?"

Basi tukapima. Tulitengeneza msambamba wa fito za mbao kwa vipimo vilevile vya mchoro, tukaufunga kwenye mguu wa meza kwa vibano. Kwenye kibao cha mbele tuligongomea kifito kirefu cha kulala, kikitokeza mbele na nyuma, chenye misumari ya kutundikia mzigo. Mzigo wenyewe ulikuwa chupa ya maji ya nusu lita. Kisha tukaishikiza mizani ya springi kwenye ufito wa chini, sentimita 20 kutoka egemeo, nikauvuta mkono mpaka usawa. Chupa ikiwa kwenye kibao, sindano ilisimama kidogo juu ya nyutoni 10, kama ilivyotarajiwa: uzito wa chupa mara mbili, pamoja na fito.

Fundi mwenyewe ndiye aliyeihamisha chupa, maana hakutaka mtu mwingine aishike. Aliipeleka sentimita 12 nje. Sindano haikusogea. Akaipeleka mpaka mwisho wa kifito. Haikusogea. Akafikiri kidogo, akaitoa, akaitundika upande wa pili, ndani, kati ya kibao na meza, ambako kwa hesabu yake mkono ungepaswa kuwa mwepesi. Sindano ilikuwa palepale. Dada alikuwa ameanza kucheka, lakini Fundi hakuwa na habari naye. Alikuwa ameinama anatazama fito.

"Haya, mota haiujui," alisema. "Kwa hiyo uzito umekwenda wapi?"

Nimesoma uhandisi miaka kadhaa baada ya hapo na sikumbuki swali zuri kuliko hilo. Dada alikuwa ameshinda ubishi na ameridhika. Fundi alishindwa, na kwa kushindwa kwake akauliza jambo ambalo sisi wengine tungelipita.

Mwalimu safari hii aliacha madaftari. Alituambia kwamba mshangao wetu ni wa zamani: mwaka 1669 mwanahisabati Mfaransa, Gilles de Roberval, aliionyesha akademia ya sayansi ya Ufaransa mizani iliyojengwa kwa msambamba wa namna hii, na watu wakashangaa kwamba mzigo ukisogezwa nje au ndani mizani haiinami. Mizani zile zenye sahani mbili juu ya mhimili zinatumia ujanja huohuo, ndiyo maana huhitaji kuweka bidhaa katikati kabisa ya sahani. Halafu akamwambia Fundi aishike fito ya juu kwa vidole viwili chupa ikiwa mbali, na ile ya chini vilevile.

Ya juu ilikuwa imekazika kama kamba iliyovutwa. Ya chini ilikuwa imebinuka kidogo, inasukumwa kuelekea kwenye mguu wa meza. Uzito ulikuwa humo. Mzigo ulioko nje unataka kukiangusha kibao kifudifudi, na kinachokizuia ni upau wa juu unaokivuta na wa chini unaokisukuma. Kwa mkono wetu halisi, nyutoni 8.8 kwa mita 0.12 ni nyutoni-mita 1.06. Gawanya kwa mwachano wa pau, mita 0.06, unapata karibu nyutoni 18 za kuvuta upande mmoja na 18 za kusukuma upande mwingine, na hizo hazikuwepo mzigo ulipokuwa kwenye kibao.

Fundi akaendelea mwenyewe. Mkono ukipanda, pau zinakaribiana. Kwenye nyuzi 60 mwachano wake hauwi 6 tena, ni 3. Kwa hiyo 18 inakuwa 35. Mota inapumzika juu kule, viungo ndivyo vinavyoumia. Alipofika hapo alifurahi kabisa, kwa sababu viungo ni kazi yake.

Kuanzia siku hiyo mabishano ya gia yakaisha, tukabaki na meno 60, na karakana ikahamia kwenye matundu. Pau zilikuwa za alumini, upana milimita 20 na unene milimita 3, jozi moja kila upande wa roboti. Fundi alizibana zote nne pamoja na kuzitoboa kwa mpigo mmoja, maana upau ukizidi wenzake hata kwa milimita moja, koleo linaanza kuinama kadiri mkono unavyopanda, na upande wa kulia unagombana na wa kushoto. Alikataa bolti zenye uzi mpaka kichwani. Uzi ukikaa ndani ya tundu unakuwa tupa, unalikwangua taratibu mpaka kiungo kinacheza. Alitafuta bolti zenye shingo laini, akatia bomba dogo la shaba katika kila tundu, washa za nailoni kati ya upau na upau, na nati zenye plastiki ndani zisizofunguka kwa mtikisiko. Pia aliweka bolti ya kuuzuia mkono kwenye nyuzi 60. Pau za upana wa milimita 20 zingegusana zikivuka 70, na hata zingekuwa nyembamba, msambamba ukilala kabisa mstari mmoja unaweza kufunguka kinyume, pau zikapishana kama mkasi.

Siku ya mashindano jaji mmoja alipita mezani kwetu, akabonyeza ncha ya koleo kwa kidole na kuuliza kama mota haichoki na mzigo uliotundikwa mbali namna ile. Dada alifungua mdomo. Fundi akamtangulia.

"Mota haina habari, mheshimiwa. Shika upau wa chini hapa. Sasa bonyeza tena."

Jaji alibonyeza, akanyamaza kidogo, akabonyeza mara nyingine, kisha akaandika kitu ambacho hatukuonyeshwa. Mkono ulifanya kazi yake, visanduku vilipanda bila kumwaga. Tulitolewa baadaye na timu iliyokuwa na magurudumu ya kasi kuliko yetu, na mkono wao, nalisema bila furaha, ulikuwa upau mmoja mrefu wenye mota kwenye kifundo. Fundi alikwenda kuwauliza gia yao ina meno mangapi.