Siku moja ya muomba linki

Saa mbili asubuhi
Kabla hata sijafungua meili naingia Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, kuangalia linki mpya, najua kabisa ile ripoti haibadiliki kila asubuhi ila mkono ushazoea, unaenda wenyewe. Hamna kipya. Kazi yangu kwa kifupi ni kuomba: wenye tovuti zao waweke linki ya kuja kwa mteja wangu, maana Google tangu ile PageRank ya 1998, hesabu yao ya kupima uzito wa kurasa, inazihesabu linki kama kura, na kura ya mtu anayeaminika ina uzito kuliko ya mpita njia. Mteja wa sasa anauza spea za baiskeli.

Saa tatu
Juzi nilituma meili 40, zimejibiwa tatu, na msinicheke, hiyo ni siku nzuri. Mmoja kasema hapana. Mmoja kasema ataangalia, yaani hapana ya adabu. Wa tatu kanitumia bei, eti ananipa linki ya "dofollow" ya milele, yaani ya kuhesabiwa na Google. Jamani kwenye HTML, lugha ya kutengenezea kurasa za wavuti, hakuna kitu kinaitwa dofollow! Kuna nofollow ya 2005, alama ya kuiambia Google isiihesabu linki kama kura, na sponsored iliyoongezwa 2019, alama ya linki ya kulipiwa, na ukinunua linki Google wanataka iwekewe mojawapo, sasa hapo si unakuwa umelipia tangazo tu. Nikafuta.

Saa nne mpaka saa saba
Hapa ndo ninapoipendea hii kazi. Nimekuta ukurasa wa klabu ya waendesha baiskeli wenye orodha ya linki za msaada, moja imekufa, ukibonyeza ni 404, yaani ukurasa haupo. Nikaenda Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandaoni, kuona marehemu alikuwa anasema nini, kumbe ni jedwali la saizi za tairi, na halikuwa zuri hata, halikusema kwamba 700C na inchi 29 zote zinakaa kwenye rimu ileile ya milimita 622 wakati hilo ndo swali la kila mtu. Nikaandika letu, nikaweka na picha ya mahali pa kusoma namba ubavuni mwa tairi, halafu nikamwandikia mwenye ukurasa sentensi nne: linki yako hii imekufa, ipo mstari huu, sisi tuna jedwali kama lile, kama linakufaa karibu. Meili ndefu hazisomwi.

Saa nane
Simu ya mteja. Anataka linki 100 mwezi huu na zote maneno ya kubonyeza yawe "spea za baiskeli bei rahisi". Nikamwambia hiyo ndo njia ya kujichongea, nimeshawahi kuifanya mwenyewe, nilijaza linki kwenye madairektori (zile orodha za tovuti) na kwenye komenti za watu, maneno yaleyale kila mahali, Aprili 2012 ikaja Penguin, badiliko la Google la kuwakamata wenye linki za ujanja, na tovuti niliyokuwa naisimamia ikapotea ukurasa wa kwanza kama haijawahi kuwepo. Kimya kidogo, halafu: "Basi hata 50?"

Saa kumi
Kutafuta tu cha kumtuliza nikachungulia linki za zamani zinazokuja kwetu, nikaishiwa nguvu. Walipotengeneza tovuti ya mteja upya walibadilisha anwani za kurasa zote bila kuweka 301, ile ya kumpeleka mtu kutoka anwani ya zamani hadi mpya, kwa hiyo linki 11 nzuri kabisa, za watu waliotupa bila hata kuombwa, zinaangukia 404 yetu wenyewe. Asubuhi nzima nahangaika na linki iliyokufa kwa jirani na huku kwetu kumejaa maiti! Nikampa fundi orodha, anwani ya zamani na mpya, kila moja kwenye ukurasa unaofanana nayo, siyo zote kutupwa kwenye ukurasa wa mbele. Ndani ya nusu saa zote zimetengemaa, na hatukumuomba mtu.

Saa kumi na mbili jioni
Nafunga kompyuta, meili ikaingia. Mwenye ule ukurasa wa klabu! "Asante sana kwa kunishtua, ile linki mbovu nimeshaitoa." Nikaenda kuangalia. Kweli kaitoa. Ya kwetu hajaiweka.