Kuvuja mkojo baada ya kuzaa: jinsi kine (mtaalamu wa tiba ya viungo) alivyonisaidia hapa Bukavu

Bukavu, mashariki mwa Kongo, ni mji wa vilima. Ukitoka soko la Kadutu unapanda, ukienda ziwani unashuka, na ni nadra mwanamke apande mikono mitupu. Bidoni ya maji ya lita 20 ni kilo 20 kamili, bado hujahesabu mtoto wa mgongoni. Mama ambaye misuli yake ya chini imelegea kwa uzazi hana pa kujificha katika mji huu. Akiinua bidoni, mkojo unamponyoka. Akikohoa, akicheka, akiteremka ngazi za udongo baada ya mvua, hivyo hivyo.

Hayo yalinipata baada ya mtoto wangu wa tatu. Uchungu ulichukua muda mrefu, mtoto alikuwa mkubwa, msamba ulichanika ukashonwa. Wiki za kwanza sikushangaa, maana mwili wa mzazi bado mbichi. Lakini mtoto akaanza kukaa, akaanza kutambaa, na mimi bado nilikuwa navaa kikwembe cha pili ndani ya kile cha nje. Kwaya niliiacha kimya kimya, kwa kuwa sauti za juu huimbwa kwa tumbo, na tumbo likibana, mkojo unatoka. Nauza vitambaa. Kuinua robota la vikwembe asubuhi kulikuwa kunanitia hofu kuliko kukosa wateja.

Nilimweleza mama mkwe. Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, sisi sote tumezaa. Ndivyo tulivyo." Namheshimu sana mama huyo na najua alitaka kunituliza. Ila kile "ndivyo tulivyo" ndicho kinachowaweka wanawake wengi ndani ya nyumba miaka na miaka.

Kulikuwa na hofu nyingine ambayo sikumwambia mtu. Hapa kwetu kila mtu analijua jina la fistula, kwa sababu ya hospitali ya Panzi iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad. Wanawake wanaletwa pale kutoka vijiji vya mbali. Kwa hiyo mtu akisikia unavuja mkojo, mawazo yake yanakimbilia huko, na maneno yanaanza. Mimi mwenyewe nilijiuliza usiku: je, nimetoboka?

Daktari ndiye aliyenitoa katika hofu hiyo. Alinieleza kwamba fistula ni tundu. Mama akikaa na uchungu muda mrefu bila msaada, kichwa cha mtoto kinabana nyama kati ya kibofu na uke, damu haipiti, nyama inakufa, na panabaki uwazi. Mkojo wa fistula hutoka wenyewe mchana na usiku, hata umelala. Tundu la namna hiyo mara nyingi linahitaji upasuaji. Wangu ulitoka kwa nguvu tu: kikohozi, mzigo, kicheko. Usiku nilikuwa mkavu. Alinipima, akatafuta tundu hakuliona, akapimisha mkojo kuona kama kuna maambukizi. Mwanamke anayevuja aanzie kwa daktari, kwa sababu mazoezi hayazibi tundu na hayaui vijidudu.

Kisha akaandika karatasi ya kunituma kwa kine. Nilishangaa. Kine niliyemfahamu ni yule wa watu waliopooza upande mmoja, waliovunjika miguu, au watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda. Sikujua kwamba wapo kati yao waliosomea misuli ya sakafu ya nyonga: mkojo, haja kubwa, uzazi, na maumivu ya tendo la ndoa.

Kumpata haikuwa rahisi, na hilo nalisema ili asiyempata mara moja asikate tamaa. Wa kwanza kumwendea alikuwa mtu wa migongo na magoti. Aliniambia waziwazi kwamba kazi hiyo hakuifundishwa, na nikamshukuru kwa ukweli wake. Mkunga mmoja wa maternite (wodi ya uzazi) ndiye aliyenielekeza kwa mama mmoja anayehudumia wanawake waliotoka upasuaji. Swali lililonisaidia kuchuja lilikuwa moja tu: "Unapima misuli ya msamba yenyewe, au unatoa mazoezi ya tumbo?" Anayejua kazi atakuelewa papo hapo.

Siku ya kwanza nilikuta chumba chenye mlango wa kufungwa kwa ufunguo, kitanda, shuka safi, na nyonga ya plastiki juu ya meza. Hakunigusa kwanza. Aliniuliza maswali mengi: nimezaa mara ngapi, watoto walikuwa na kilo ngapi, nilishonwa wapi, choo napata vipi, kwa siku naenda haja ndogo mara ngapi, na mume wangu akinikaribia naumia au siumii. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo la mwisho. Alikuwa anaandika bila kuinua nyusi.

Halafu akachukua ile nyonga akanionyesha. Misuli hiyo inaanzia mfupa wa kinena mbele, inapita chini, inashika kifandugu nyuma. Inabeba kibofu, mfuko wa uzazi na utumbo wa mwisho, jinsi kikwembe kinavyombeba mtoto mgongoni. Mkojo, mtoto na choo vyote vinapita kati yake, kwa hiyo lazima ijue kukaza na lazima ijue kulegea. Wakati wa kuzaa inavutwa kupita kiasi, pengine inachanika, na mishipa ya fahamu inayoiamuru inaumia pia. Inapona, lakini mara nyingine inahitaji kufundishwa upya.

Alipofika kwenye kipimo, alinieleza kila hatua kabla ya kuifanya: glovu, kidole, nitakaza mara chache, basi. Akasema naweza kukataa, naweza kusema "simama" katikati, naweza kumleta dada yangu akae pembeni. Akasema pia kwamba asiyetaka kuguswa ndani anaweza kupimwa kwa kutazamwa tu, au kwa mkono juu ya nguo. Katika mkoa ambao miili ya wanawake wengi imetendewa ukatili, yule mama hamgusi mtu bila kumuuliza, hata kama alimuuliza wiki iliyopita. Ningependa kila anayefanya kazi hiyo awe hivyo.

Nguvu ya misuli wanaipima kuanzia 0 hadi 5. Yangu ilikuwa 2. Aliniambia wanawake wengi, ukiwaambia "kaza", wanasukuma chini kama wanaokwenda haja, na hivyo wanaizidishia misuli mzigo badala ya kuipa nguvu. Wengine wanabana makalio na mapaja, au wanazuia pumzi. Ndiyo maana anapima kwanza. Karatasi ya mazoezi haiwezi kukuambia kama unavuta juu au unasukuma chini.

Zoezi lenyewe ni hili. Unalala chali, magoti yamekunjwa. Unavuta pumzi, tumbo linapanda, chini kunalegea. Unapotoa pumzi, unakaza kama mtu anayezuia hewa isitoke nyuma na mkojo usitoke mbele kwa pamoja, na unavuta kwenda juu, ndani. Unashikilia sekunde chache, kisha unaachia kabisa, na kuachia kuchukue muda uleule au zaidi. Mwanzoni sikuweza kushikilia hata nusu ya alichotaka. Baada ya yale ya kushikilia yanakuja ya haraka: kaza, achia, kaza, achia. Kipimo kinachotumika ni kukaza angalau mara 8, mara 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3. Nilifunga mazoezi yangu na kunyonyesha: mtoto akishika ziwa, mimi nakaza. Hakuna aliyeona, wala sikuhitaji saa.

Alinikataza kuyafanya chooni kwa kukata mkojo katikati. Kufanya hivyo mara moja ili kuitambua misuli si neno, lakini ukizoea, kibofu kinaweza kuanza kubakiza mkojo. Aliniambia pia kwamba mazoezi haya yalienezwa na daktari Mmarekani, Arnold Kegel, aliyeandika juu yake mwaka 1948. Nilipiga hesabu: mama mkwe alikuwa hajazaliwa. Muda wote huo, na kwetu tunaambiwa ndivyo tulivyo.

Jambo lililonisaidia mapema kuliko mazoezi yenyewe ni kukaza kabla. Kikohozi kinapokuja, unakisikia kooni kidogo kabla hakijatoka. Hapo hapo unakaza, ndipo unakohoa. Bidoni hivyo hivyo: unaisogelea, unakunja magoti, unavuta pumzi, halafu unatoa pumzi na kukaza wakati wa kuinua. Kuinua mzigo ukiwa umezuia pumzi kunasukuma kila kitu chini. Kwa miezi ya mwanzo alitaka nibebe bidoni ndogo. Hilo lilinilazimu kuzungumza na baba watoto, nami nilikuwa sijamwambia wazi. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kumbe ndiyo maana uliacha kwaya?" Kuanzia hapo bidoni za lita 20 zikawa zake na za kijana wetu mkubwa. Majirani walisema walichosema.

Kwa siku chache niliandika pia nilichokunywa na nilichokojoa, nikipima kwa kikombe chenye alama. Mtu mzima kwa kawaida anakojoa mara 6 hadi 8 kwa siku, na kibofu chake kinabeba karibu mililita 400 hadi 600. Mimi, kama wengi wenye shida hii, nilikuwa nakunywa kidogo na kwenda chooni kila mara kabla ya kutoka nyumbani. Kine alisema mkojo mzito unakichokoza kibofu, na kukimwaga kila saa kunakizoesha kudai kabla hakijajaa. Nikarudisha maji, nikaanza kusubiri kidogo kidogo zaidi. Akauliza na juu ya choo kikubwa, kwa kuwa kusukuma kila siku kunailegeza misuli ileile. Lenga-lenga (mchicha), maharagwe, maji. Kwenye choo cha kukalia, weka kigoda chini ya miguu. Choo chetu cha kuchuchumaa hakina shida hiyo. Na kitambaa cha kufunga tumbo baada ya kuzaa, akasema, kisikazwe mpaka pumzi ikatike, maana kinachobanwa juu kinashuka chini.

Wifi yangu alisikia habari hizi akaomba nimpeleke. Yeye havuji. Shida yake ilikuwa maumivu kila mume wake anapomkaribia, tangu alipojifungua. Alikuwa amejaribu mazoezi yangu nyumbani, na maumivu yakazidi. Kine alipompima alikuta misuli imekaza muda wote, haijui kuachia. Hakumpa hata zoezi moja la kukaza. Alimpa pumzi za tumbo, mikao ya kufungua nyonga, na kulegeza misuli taratibu kwa kidole. Tungekuwa tumepewa karatasi moja sisi wawili, mmoja wetu angeumia zaidi.

Kwenye benchi ya kusubiri nilikutana na wanawake waliofungwa fistula. Tundu limezibwa vizuri, lakini baadhi yao bado wanavuja, kwa sababu misuli na njia ya mkojo viliharibika pamoja na kile kilichotoboka. Kwao kine ni sehemu ya kupona. Alikuwepo pia mzee mmoja aliyepasuliwa tezi dume. Wanaume nao wana misuli hii, na baadhi yao huanza kuvuja baada ya upasuaji huo. Mzee alikuwa ananisalimia kwa adabu, na mimi namsalimia, na hakuna kati yetu aliyeona haya.

Kupona kwangu hakukuja kwa siku moja. Kulikuwa na wiki ambazo sikuona mabadiliko yoyote, na fedha za kulipia zilikuwa zinauma. Tulikubaliana na kine anipangie vikao vya mbali mbali ili niweze kulipa. Kisha nikakohoa sokoni nikabaki mkavu. Baadaye nikainua robota. Kipimo kilifika 4. Kwaya nimerudi. Nikiwa na mafua makali bado linaweza kutoka tone, na nikilisikia najua cha kufanya.

Ufaransa, mama aliyejifungua anaandikiwa vikao vya kuimarisha msamba, na bima ya afya ya taifa inalipia. Hapa nilitoka maternite na karatasi ya chanjo ya mtoto, na juu ya msamba wangu sikuambiwa neno. Wakunga wetu wanaweza kuongea dakika tano tu siku ya CPN, yaani kliniki ya wajawazito: mkojo ukiendelea kutoka, njoo tukuangalie. Haihitaji mashine.

Sasa nina mimba tena. Sikungoja kuzaa, nilirudi kwa kine mapema, kwa sababu kuimarisha misuli wakati wa mimba kunapunguza uwezekano wa kuvuja baadaye. Ameniongezea mazoezi ya kuachia, ya kutumia wakati wa kusukuma, na tumekubaliana anipime tena wiki 6 hivi baada ya kujifungua. Mama mkwe ndiye atakayebaki na mtoto siku hiyo. Ameomba, nikitoka mimi, aingie yeye.