Umenitia mwaka gani?

Saa nne usiku, Jumamosi. Watoto wamelala, mama amelala, na mimi swali aliloniuliza Jumatatu bado linanizunguka.

Mnajua mama yuko hapa Tanga kwa ajili ya jicho. Upasuaji wa mtoto wa jicho umekwisha salama alhamdulillahi, Baba Watoto kapata tena safari za Horohoro, mpakani, baada ya miezi miwili ya kukaa bure, nami nimerudishwa zamu ya usiku. Lakini mimi bado nipo kwenye Jumatatu ile, nimekaa ukingoni mwa kitanda cha mama, kaunta buku mapajani.

Kaunta buku lenyewe mnalijua, lile nilimoandika mpango wa maisha yetu hadi 2036. Novemba hii ni QT, yaani Mtihani wa Maarifa. Mimi niliishia kidato cha kwanza, kwa hiyo bila kuufaulu siwezi kukaa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Baada ya hapo nimejipa miaka miwili, kwa sababu diploma ya uuguzi inataka ufaulu wa masomo manne, na Kemia, Baiolojia na Fizikia lazima ziwemo. Kituo ninachosoma jioni hakina maabara. Hilo nimeliandika pembeni kwa penseli, nilitafutie dawa. Kidato cha nne 2028, chuo 2029, namaliza 2032 nikiwa na miaka 42. Kila mwaka una fedha yake: Desemba kikoba kikivunjwa, ada inatoka humo. Watoto wamo, kila mmoja na darasa lake hadi 2036. Baba Watoto yumo na kiwanja chake cha Pongwe. Wiki tatu nililiandika, maana miaka kumi na moja nimekuwa mhudumu wodi ya wazazi, nadeki, nabadilisha mashuka, nashikwa mkono na wazazi wanaoniita "nesi", na kila nikiitwa hivyo moyo unanipiga.

Jumatatu mama alikuwa amelala chali, jicho limefungwa, akasema nimsomee chochote. Nikamsomea hilo. Nilitaka alisikie yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Baba alipofariki ni mama aliyekuja bweni kulibeba tranka langu, na njia nzima hadi Muheza hatukusemezana.

Alisikiliza kimya mpaka nikafika 2036. Kisha akasema, "Na miye umenitia mwaka gani?"

"Mama, weye umo kila mwaka."

"Haya."

Basi. Akageukia ukutani.

Hiyo haya nimeigeuza kila upande. Iko haya ya kukubali, iko haya ya kumwachia mtoto ujinga wake, na iko haya ya kufunga mlango. Ya mama ilikuwa fupi, na sauti ilishuka. Nikajisikia mwana mbaya. Mama ana miaka 70, anakaa peke yake na michungwa yake, na mimi nimeandika kurasa kumi na mbili za maisha yetu bila kumkumbuka. Hata jibu nililompa halikuwa jibu, lilikuwa la kumnyamazisha. Jumatano usiku, wodi ilipotulia, nilifungua daftari kwenye benchi la korido nikakata 2029. Nikaandika chuo 2031. Nilihesabu: hiyo miaka miwili ya kati ni ya kumuuguza mama. Nililia kidogo, nikaenda kuchemsha maji.

Leo asubuhi natoka zamu, nafika mlangoni nasikia sauti ya Mkubwa. Anamsomea bibi yake kaunta buku langu. Nikasimama nje, kiatu kimoja mkononi.

"Hapa amekata, bibi. Chuo ilikuwa elfu mbili na ishirini na tisa, sasa ni thelathini na moja."

"Kakata? Kwa nini?"

"Hakuandika."

Nikaingia. Shikamoo, marahaba, keti. Nikaketi.

"Humu ndani kila mtu umempa zamu," mama akasema. "Mtoto ana zamu, mumeo ana zamu, hata kikoba kina zamu. Miye peke yangu sina. Ukienda chuo, hawa watalala na nani?"

Nikamwambia nilidhani ananiuliza nani atamtunza. Akanitazama kwa lile jicho jipya, bado jekundu.

"Nilikuwa nauliza kazi, mwanangu."

Sijui niwaelezeje. Siku tano nimembeba mama kama mzigo ambao hakunitwika, kumbe yeye alikuwa amesimama mlangoni na kanga kiunoni, anasubiri kuambiwa ashike wapi. Nikauliza, na michungwa je? Akasema wachumaji wapo, na jirani ana macho. Akaomba penseli. Mama alijifunza kuandika ngumbaru, miaka ile ya Mwalimu, akiwa ameshaolewa, na herufi zake mpaka leo ni kubwa na zimeachana. Akamwambia Mkubwa amwonyeshe palipokatwa, akaandika juu yake, polepole, karibu aguse karatasi kwa pua: 2029 MAMA ANAKUJA.

Mwaka huo atakuwa na 73. Hilo nalijua, na nimeliona tena jioni hii nikilifungua daftari. Sikufuta. Nimeongeza chini yake kwa kalamu ya wino: miaka mitatu, chumba cha mbele, kitanda kisiwe cha juu.

Kitu kingine. Kitinda karudi madrasa leo na ndala ambazo si zake, moja bluu moja kijani, ya kijani imemzidi mguu. Nimemuuliza mara tatu zake ziko wapi. Anasema amebadilishana na rafiki yake. Rafiki gani, hataki kusema.