Makohozi Safi, Kivuli Kilekile

Hapa Kigoma mtu akikohoa damu, ndugu na majirani huwa wameshaafikiana kuwa ni kifua kikuu kabla makohozi hayajafika maabara. Siwalaumu, kwa kuwa mara nyingi ndicho kinachokutwa. Shemeji yangu, mchuuzi wa dagaa pale Kibirizi, alipimwa makohozi mara kadhaa bila vijidudu kuonekana. Hata hivyo akaanzishiwa dawa za TB, kwa sababu kivuli cha eksirei kilikuwa sehemu ya juu ya pafu la kulia, mahali ambapo ugonjwa huo hupenda kukaa. Baadaye akapewa dawa za pumu.

"Shemeji, kifua kinapiga filimbi upande mmoja tu," aliniambia. Kwa maoni yangu, kauli hiyo ilistahili kusikilizwa na waliomtibu, maana pumu haichagui upande, na nimonia inayorudi palepale humdai daktari atafute kinachoziba mrija wa hewa.

Rufaa ilipopatikana, alipigwa CT-Scan Dar es Salaam, kisha akaingizwa kamera nyembamba hadi ndani ya mapafu. Kwenye mdomo wa mrija uendao sehemu ya juu palikuwa na uvimbe wa mviringo, mwekundu na mwororo. Kinyama kilichukuliwa kwa tahadhari kubwa, kwa kuwa uvimbe wa namna hii una mishipa mingi na huweza kuvuja damu vibaya. Majibu yalisema ni karsinoidi, uvimbe unaotokana na seli zinazotoa homoni, ambao ni takriban asilimia 1 hadi 2 tu ya saratani zote za mapafu na hauhusiani sana na sigara (shemeji hajawahi kuvuta).

Tulihofia angeondolewa pafu zima. Kumbe tangu mwaka 1947, daktari Clement Price Thomas alipofanya huko Uingereza upasuaji wa kukata na kuunganisha mrija wa hewa, inawezekana kukata kipande cha mrija chenye uvimbe pamoja na sehemu moja ya pafu, kisha ncha za mrija zikashonwa pamoja, na sehemu mbili zilizobaki kati ya tatu za pafu la kulia zikaendelea na kazi. Ndivyo shemeji alivyofanyiwa.

Tezi za limfu zilizotolewa hazikuwa na saratani, na seli za uvimbe zilizokuwa zikigawanyika hazikufika 2 kwa kila milimita 2 za mraba, yaani karsinoidi ya aina ya upole. Hakuhitaji dawa za saratani. Hata hivyo, kwa kuwa uvimbe huu huweza kurudi baada ya miaka mingi, ataendelea kupigwa CT-Scan kwa muda mrefu.