Nitaleta Jana

Ijumaa usiku, Tanga.

Nilimuuliza mwanafunzi wangu daftari la hesabu liko wapi. Akasema amelisahau nyumbani. Nikamuuliza atalileta lini, naye akanijibu kwa sauti ndogo, "Nitaleta jana, mwalimu."

Darasa zima likaangua kicheko. Wamo 84 mle ndani, na kicheko cha watoto 84 wa darasa la pili si kitu kidogo. Mimi sikucheka, ila nilifanya kibaya kuliko kucheka: nilidhani ananijibu jeuri. Nikamsimamisha ukutani mpaka kengele ya kipindi ikagonga. Alisimama wima, anatazama vidole vya miguu yake, wala hakulia.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Nimetembea nalo wiki nzima.

Binti huyu, ambaye jina lake sitaliandika hapa, ana miaka 11. Alikuja Januari na wazazi wake kutoka Burundi, upande wa Ngozi. Baba ni seremala na amepata kazi huku mjini. Siku ya kuandikishwa tulimuuliza maswali kwa Kiswahili, akanyamaza. Tukamwonyesha kitabu cha Kiswahili, akasoma kwa kuunguruma bila kuelewa. Basi tukakubaliana aanzie darasa la pili, na mimi nilikuwa mmoja wa waliokubali. Akakaa kati ya watoto wa miaka saba na minane, magoti yanagusa mbao ya dawati kwa chini. Kila aliyepita mlangoni alisema lile neno letu walimu: atazoea tu.

Nimelichukia neno hilo. Tunalisema tukiwa tumeshaondoka.

Jumatatu ileile jioni nilipitia kwenye karakana ya baba yake. Kiswahili chake si kibaya, aliwahi kufanya kazi Bujumbura, na pale mtaa wa Buyenzi Kiswahili ndicho kinachozungumzwa. Nilimweleza yaliyotokea. Akaweka randa chini akanieleza kwa upole, kama anayenionea huruma mimi. Kwa Kirundi, alisema, jana ni *ejo*. Na kesho ni *ejo* pia. Neno moja. Kama umeshafanya au bado hujafanya, kitenzi ndicho kinachosema.

Nilirudi nyumbani na sentensi ya mtoto kichwani. Nitaleta jana. Lakini *nitaleta* lilikuwa sahihi! Ile *-ta-* ilikuwa mahali pake. Aliuweka wakati kwenye kitenzi, kama lugha ya mama yake ilivyomfundisha, na alipotafuta neno la *ejo* akachukua moja kati ya mawili. Mtoto wa miezi mitatu tu kwenye Kiswahili alinitungia kitenzi kisicho na kosa, mimi nikamsimamisha ukutani.

Kesho yake nikaanza kumtazama upya. Kabla ya kipindi cha hesabu nilimpa machungwa ya Muheza, yale madogo yenye ganda la kijani, nikamwambia ahesabu. Moja akaisema. Mbili, tatu, nne, tano, akaenda vizuri. Akafika sita, akakwama. Saba, akakwama. Nane akaipata. Tisa, kimya. Kumi akaipata. Nikamwambia ahesabu kwa Kirundi, akatiririka: *rimwe, kabiri, gatatu, kane, gatanu, gatandatu, indwi, umunani, icenda, cumi*. Sikiliza vizuri. Kabiri na mbili, gatatu na tatu, kane na nne, gatanu na tano, umunani na nane, cumi na kumi, zote ni ndugu wa tumbo moja. Sita, saba na tisa sisi tulizipata kwa Waarabu, kwa hiyo Ngozi hakuna cha kumkumbusha. Mtoto hakuwa hajui kuhesabu. Alikuwa anakwama kwenye maneno matatu, na mimi miezi mitatu nilikuwa nimeandika kwenye kumbukumbu zangu kwamba stadi ya kuhesabu ni hafifu.

Nikageuza daftari lake nyuma, nikamwandikia 936 kugawanya kwa 8. Hiyo si kazi ya darasa la pili hata kidogo. Akachora mstari wa kusimama, 936 kushoto, 8 kulia juu, jibu akaliweka chini ya 8. Nikampelekea mwalimu mwenzangu wa darasa la nne. Akatazama, akasema, "Dada, amegeuza huyu." Tukaikokotoa sisi wenyewe: 117, bila baki. Baba yake ameniambia ndivyo wanavyofundishwa kwao, kwa mtindo uliokuja na Kifaransa. Hakugeuza kitu. Angeandika vile kwenye mtihani, msahihishaji mwenye haraka angepitisha kalamu nyekundu.

Kwenye imla pia nimekuwa nikimkata alama kwa kuandika *rara* badala ya *lala*, *kura chakura*. Kirundi hakitenganishi r na l kama sisi. Kosa ni kosa, atajifunza, lakini kuna kosa la asiyejua kusoma na kuna kosa la sikio ambalo bado linajifunza kusikia, nami nilikuwa nayapa kalamu moja.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi si mtu wa kutojua haya. Babu yangu mzaa baba alikuwa Muha wa Kasulu. Aliletwa huku kukata mkonge, mmoja wa manamba waliokusanywa na SILABU, ile ofisi ya kutafuta vibarua wa mashamba iliyoanzishwa 1944. Walikuja Waha, Warundi, Wamakonde, wakajaza makambi ya mashamba kuanzia Pongwe mpaka Korogwe. Kiha na Kirundi wanasikilizana. Baba yangu hakutufundisha hata salamu, maana shuleni alichekwa mpaka akaifukia lugha ile mwenyewe. Kwa hiyo mjukuu wa Muha nimesimama mbele ya mtoto wa Kirundi sina neno hata moja la kumpa. Mji huu tunausifia kwa *waja leo waondoka leo*. Babu alikuja, hakuondoka.

Jana kwenye kikao chetu cha MEWAKA, yale mafunzo ya walimu kazini, niliomba tuache mada ya wiki tuzungumze hili. Mwalimu mmoja aliuliza swali la haki kabisa: watoto 84, vipindi vya dakika 30, huo muda wa mtoto mmoja unatoka wapi? Sikuwa na jibu kubwa. Chuoni nilifundishwa kuandaa andalio la somo na kutengeneza zana, sikufundishwa siku hata moja nifanye nini mtoto akija na akili yake yote ikiwa kwenye lugha nyingine. Ila nilisema kwamba machungwa yale yalichukua dakika nne. Tungefanya hivyo Januari, tungempima kwa lugha anayoijua, hata kwa kumwita baba yake asimame pembeni asubuhi moja, asingekaa kwenye dawati lile.

Tumekubaliana ahamie darasa la nne kwa vipindi vya hesabu kuanzia Jumatatu, Kiswahili abaki kwangu kwanza. Nina hofu na upimaji wa taifa wa darasa la nne, karatasi ile haimsubiri mtu. Nimemkalisha na binti mmoja wa Ngamiani anayependa kuongea, lakini nimemwambia asimjibie. Na darasa nimewaambia ana jina. Walikuwa wanamwita "Mrundi", nami nilikuwa nasikia nakaa kimya.

Nilimwomba baba yake aniandikie maneno ya darasani kwa Kirundi, na Kiswahili chake mbele: kalamu, andika, sikiliza, sijaelewa, naomba kwenda chooni. Leo binti ameniletea. Karatasi mbili, mwandiko wa seremala, mistari imenyooka kwa rula. Maneno 40.

Nyuma ya karatasi ya pili kuna orodha nyingine ambayo sikuiomba. Hiyo baba yake ameandika Kiswahili tupu, na mbele ya kila neno ameacha nafasi: *mchango. kikao. mahudhurio. upimaji. mzazi/mlezi. bila kukosa*, na mengine. Ni maneno ya barua zetu. Barua tatu tumempelekea tangu Januari, na kwenye daftari la kikao cha wazazi jina lake nimeliwekea alama ya *hakufika* kwa mkono wangu. Chini kabisa ameandika, "Mwalimu, naomba unifafanurie."

Nimekaa mezani tangu baada ya isha. Kila neno nalieleza kwa Kiswahili chepesi, kile cha sokoni anachokijua. *Mahudhurio* limenisumbua, nimeandika: siku mtoto amekuja shule, siku hakuja. *Mchango* nimeandika na kiasi chenyewe, na kwamba kutokutoa hakumfukuzi mtoto. Nimefika neno la tisa. Umeme umekatika mara mbili, macho yanauma. Yaliyobaki nitayamaliza kesho.