Upande wa Pili wa Farasi

Juzi mwanetu aliuliza mezani kama kweli farasi hulala amesimama. Baba yake akamjibu palepale: kweli, viungo vya miguu vinajikaza asianguke, ila akitaka usingizi mzito hulala chini. Kisha akaendelea na ugali wake. Mimi tonge liligoma kushuka, maana nakumbuka elimu ile aliipata wapi, na siku ile alisema nini kingine.

Ilikuwa Mufindi, mwezi wa saba, mwaka aliofariki baba mkwe. Rafiki alituunganisha na shamba lenye farasi. Unatoka Mafinga, unaacha lami, unapita misindano ya Sao Hill mpaka chai inaanza. Tangu mazishi mume wangu alikuwa anaongea ya lazima tu: gesi, ada, umeme.

Mzee anayetunza farasi alitupokea kwa "Kamwene" na hakutupandisha. Alitupa brashi. "Asiyekufahamu hakubebi, wanangu. Na msipite nyuma yake bila kumwekea mkono, huko haoni." Akatueleza kwamba baridi ya kule juu ndiyo inayowaponya, kwa kuwa mbung'o hawaiwezi, na mbung'o wakiwepo farasi hadumu, nagana, ugonjwa wanaoueneza, inammaliza.

Tukasimama na yule jike katikati yetu, kila mtu ubavu wake. Mgongo wake ulinizidi kimo. Mume wangu nilimwona viatu tu, chini ya tumbo la farasi. Nikapiga brashi kufuata manyoya. Vumbi likatoka, na joto la mwili wake likanipanda mikononi kwenye baridi ile. Sikio moja la farasi lilikuwa limenielekea mimi. La pili likageuka taratibu kwenda upande wa pili, likatulia huko.

Hapo ndipo nikasikia kwamba mume wangu anaongea.

Alikuwa anaongea chinichini, bila kuacha kusugua. Kwamba baba yake alimwomba hospitalini amrudishe Makete, akaone viazi vyake. Si kwa matibabu, akaone viazi tu. "Nikamwambia, baba, subiri upone kwanza." Akarudia: "Subiri upone." Wiki ile ile tukamrudisha Makete kwenye jeneza.

Nilitaka kuzunguka nimshike. Nikahofia kwamba nikitokea tu, atanyamaza. Nikaendelea kusugua palepale, bega lilelile, hadi manyoya yakang'aa. Mzee alikuwa anakuja na tandiko. Akatutazama, akageuza nalo.

Baadaye ikasikika sauti kutoka ng'ambo: "Umesikia, mama?"

"Nimesikia, baba."

Tulipanda, ndiyo, mzee akituongoza kwa kamba kando ya chai. Picha zipo. Mume wangu aliuliza maswali mengi siku hiyo, na lile la usingizi likiwemo. Kwenye gari alilala hadi Iringa.

Jambo lile hatujaligusa tena. Wanaotufunda hutuambia wanandoa wakae waangaliane usoni wazungumze, nami nilishajaribu hivyo miezi mizima bila kupata neno. Sijui hata leo kama alikuwa ananiambia mimi au anamwambia farasi. Kila mwezi wa saba ukikaribia natamani tupande tena Mufindi, na kila mara nasita. Naogopa kwamba tukienda kwa kusudi la kuongea, hataongea.