Nilivuka maji kufuata leseni, nikarudi Mafia na gari

Nilipoomba likizo kazini nikasema naenda Dar kujifunza gari na kutafuta leseni watu walinishangaa sana. Kisiwa chenyewe hiki, lami inaanza hapa Kilindoni inaishia Utende kule kwenye hifadhi ya bahari, kama kilomita 14 hivi, kwengine kote unakanyaga mchanga na mashimo katikati ya minazi, magari unaweza ukakaa barazani nusu saa lisipite hata moja, zinapita boda na bajaji tu, sasa leseni ya nini? Fundi mmoja wa gereji akaniambia nesi we njoo jioni jioni hapa, wiki mbili nakufundisha unaondoka dereva, huku wote tumejifunza hivohivo. Na hakuwa na nia mbaya hata kidogo, ni kweli wengi wamejifunza hivo.

Ila mi nafanya kazi wodini.

Kuna usiku mmoja tuliletewa dogo wa boda, kijana wa miaka 19, alikuwa anatoka njia ya Kirongwe taa ya mbele haiwaki, mbele yake kuna mtu na baiskeli kabeba viroba vya nazi, baiskeli haina hata kirifrekta cha nyuma, wakavaana. Mwenye baiskeli alichubuka tu. Dogo paja lilivunjika na kichwa kimepasuka, helmeti ilikuwepo lakini ilikuwa imening'inizwa kwenye mkono wa pikipiki. Daktari akasema huyu anatakiwa bara. Sasa we ambae hujakaa kisiwani unaweza usielewe hilo neno maana yake nini saa sita usiku. Chombo hakuna, maji yamekupwa, kule Nyamisati, bandari ya upande wa bara, vyombo vinasubiri maji yajae ndo viingie na kutoka, ndege ni mpaka kuche na nauli yake ukoo mzima lazima uchangishane. Tulikaa nae mpaka alfajiri tumemfunga kipande cha mbao kwenye mguu, mama yake kakaa chini pembeni ya kitanda anasoma Yasini. Huyo mama ndo ananiuzia vitumbua kila asubuhi. Na yule wa baiskeli ni mjomba wa dogo. Yani huku ukimgonga mtu umegonga mtu ambae nyumba yao unaijua, umekula ubwabwa kwenye harusi yao, na kesho yake mtaonana sokoni.

Baada ya hapo ndo nkaamua, kama nataka gari (na nilikuwa nalitaka, zamu za usiku kurudi na boda nilikuwa nimeshachoka) nijifunze sehemu yenye magari mengi kuliko huku. Kisiwani hakuna taa za kuongozea magari, hakuna foleni, utajifunzaje kumpisha mtu kama hakuna wa kumpisha?

Nikapanda kivuko asubuhi mapema. Nilikaa juu kwenye upepo maana chini nasikia kichefuchefu, bahari ilikuwa tulivu mpaka karibu na bara, alafu ukishaanza kuona mikoko ya delta ya Rufiji maji yanabadilika rangi yanakuwa ya udongo, chombo kinapunguza mwendo kinafuata mkondo mpaka Nyamisati. Pale gari za Mbagala zinasubiri abiria, barabara ya vumbi mpaka mnatokea Bungu kwenye lami ya Kilwa Road, kisha Jaribu, Kimanzichana, Mkuranga, Vikindu, Kongowe, mpaka Rangi Tatu. Shangazi yangu anakaa hukohuko Mbagala, nikafikia kwake.

Kwa wanaotaka kufuata njia hii nieleze kidogo maana wengi huwa wananiuliza. Kwanza unatakiwa uwe na miaka 18, uwe na namba ya NIDA na TIN, unalipia leseni ya kujifunzia ambayo wote tunaiita lena, 10,000, inakaa miezi mitatu. Shule ya udereva ada yake ni mbali, kila shule na bei yake, ila usikimbilie ile ya bei ndogo inayokuambia wiki moja umemaliza. Mtihani kwa trafiki 3,000. Ukifaulu leseni yenyewe TRA ni 70,000 inakaa miaka mitano, unapigwa picha na alama za vidole. Mi nilichukua daraja D, yale magari binafsi. Pikipiki ni daraja A, ni kitu kingine kabisa, kwaiyo we mwenye D ukikuta boda ya shemeji imepaki usijione una leseni ukaiwasha.

Shuleni nilidhani tutapanda gari siku ya kwanza. Wapi. Wiki nzima ya kwanza darasani, alama, pembetatu nyekundu inakutahadharisha, duara jekundu linakukataza, duara la bluu linakuamrisha, mwalimu alikuwa mtu mzima kidogo, mtaratibu, anakuuliza ghafla dada, hii maana yake nini, ukikosea hakusemi, anakuambia kaichore mara kumi. Alafu mambo ya bonet, kupima oili, maji, mafuta ya breki, kuangalia tairi limekula upande gani. Hayo nilikuwa nayaona ya mafundi lakini leo ndo yananisaidia kuliko yote, maana huku kisiwani spea ukikosa inaagizwa Dar inakuja kwa maji.

Siku ya kwanza barabarani nilitetemeka mpaka goti linacheza juu ya klachi. Kilwa Road jioni, daladala zinaingia kushoto bila indiketa, boda zinapita pande zote, mama anavuka na beseni la samaki. Mwalimu ananiambia polepole angalia saidi mira, angalia tena, huyo wa boda umemuona? sijamuona, ndo maana nakwambia angalia tena. Kwenye kipilefti nilikuwa nasimama tu muda mrefu sana nikisubiri wa kulia wapite wote mpaka nyuma wanapiga honi, yeye anasema wasikuhangaishe, honi haigongi mtu. Hilo neno nimelibeba mpaka leo.

Mtihani nilishindwa mara ya kwanza. Kuondoka kwenye mlima, gari ilirudi nyuma kama hatua mbili na kwa afande hiyo inatosha. Niliumia sana maana likizo ilikuwa inaisha, shangazi akasema mwanangu bora umeshindwa na afande kuliko ungeshindwa na mtu amesimama nyuma ya hilo gari. Nikafanya mazoezi siku nne za ziada kwenye kimlima kimoja tu, handbreki, klachi, mafuta kidogo, nachia, narudia. Mara ya pili nikapita.

Gari tulinunua na kaka yangu, tumechanga, Suzuki Escudo ya mkono wa pili, si mpya lakini fowili inaingia, tairi zote nne zinavuta, na ndo nilichokitaka kwa ajili ya mchanga. Kaka akakaa pembeni yangu, mi nikaendesha kutoka Mbagala mpaka Nyamisati, kila penye kibao cha 50 naenda 50, mabasi yananipita yanapiga honi ndefu. Kile kipande cha Bungu kwenda Nyamisati ndo kilinifundisha vumbi, gari ya mbele ikikuachia vumbi huoni kitu, mtu mzima anaweza akawa na baiskeli yake humohumo ndani ya lile wingu, kwaiyo nikawa nasimama kabisa pembeni vumbi litue ndo naendelea. Tulichelewa lakini kivuko tulikiwahi.

Kupandisha gari kwenye kivuko nilimuachia kaka, sikuona aibu. Ule mlango wa chuma umelowa, unateleza, watu wamesimama kushoto na kulia na mizigo na kuku na magodoro. Tairi zikawekewa magogo, handbreki juu, gia ndani. Magari yanayoingia ni machache tu, kwaiyo ukitaka kuvusha gari fuatilia mapema, usiende kubahatisha.

Sasa kisiwani. Nilidhani baada ya Kilwa Road huku patakuwa mteremko, nikakuta ni somo jipya kabisa.

Cha kwanza giza. Ukitoka Kilindoni mjini hakuna taa ya barabarani hata moja, na watu wanatembea, tena baada ya isha ndo wanatembea sana, kwenda msibani, ngomani, kumuona mgonjwa. Kina mama wamevaa buibui jeusi, barabara nyeusi, minazi imefunika kulia na kushoto, taa zako zinamuona mtu akiwa hatua chache mbele. Na wanatembea katikati maana pembeni kuna mchanga unachosha miguu, mi mwenyewe nilikuwa natembea katikati miaka yote. Kwaiyo usiku nakwenda 30, na nikikutana na gari nyingine nashusha taa kubwa na karibu nasimama, maana zile sekunde mmepishana ndo humuoni kabisa anaetembea nyuma yake.

Cha pili watoto wa madrasa. Saa kumi jioni na kabla ya magharibi wanatoka kwa mkupuo, wanakimbizana, mmoja akivuka wengine watano wanamfuata bila kuangalia. Njia ya kwenda Baleni na Kirongwe nimeshaweka kichwani kila madrasa ilipo, nikikaribia mguu uko juu ya breki tayari hata kama sioni mtoto hata mmoja.

Mchanga nao una mambo yake. Siku ya kwanza nimeenda kaskazini njia ya Bweni niliendesha kama niko lami, usukani ukaanza kunivuta wenyewe, nikashika breki ghafla gari ikazunguka ikasimama imekatisha njia. Alhamdulillah hakukuwa na mtu. Mzee mmoja akatoka shambani na panga lake, nikamuamkia, marahaba mwanangu, kwenye mchanga usishike breki hivo, achia mafuta itasimama yenyewe, na toa upepo kidogo kwenye tairi. Tukatoa upepo, kweli gari ikatulia. Akakataa hela, akaomba lifti tu mpaka kijiji cha mbele, nikampa, nikamwambia babu naomba ufunge mkanda akauliza huu ni wa nini nikamfungia mwenyewe. Njia nzima alikuwa kaushika kwa mikono miwili.

Hapo kwenye lifti ndo pagumu kwangu mpaka leo. Kisiwani huwezi kumpita mtu unaemjua kwenye jua, utaonekana una kiburi, na unaemjua ni kila mtu. Lakini gari ina mikanda mitano. Tukishafika watano na mimi nikiwemo nasema hapana, hata akiwa jirani, hata akinuna, namwambia nakushusha hawa alafu nakurudia na kweli namrudia. Mara mbili wamenuna, ya tatu wamezoea. Watoto mapajani sikubali kabisa, kitu nilichokiona wodini kinanitosha.

Mengine ni madogo lakini yanauma mfukoni, usipaki chini ya mnazi hata kama ndo kivuli pekee, nazi ikidondoka juu ya kioo utasubiri kioo mpaka kivuke bahari. Chumvi inakula chini ya gari kimyakimya, naosha na maji yasiyo na chumvi chini kila wiki, hasa nikitoka karibu na pwani. Na kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tatu wageni wanakuja kuangalia papa potwe, bajaji zinakuwa nyingi njia ya Utende na wageni wengi kwao wanaendesha kulia, wanavuka wakiangalia upande usio wenyewe, nikiona mtu kavaa kofia na kamera amesimama pembezoni najua huyu anaweza akaingia barabarani bila kuniona.

Yule dogo alirudi kutoka Muhimbili miezi kadhaa baadae, anatembea na mkongojo, alafu bila mkongojo, mguu mmoja umekuwa mfupi kidogo. Mwezi uliopita alikuja nyumbani jioni, akakaa ngazini, akanisalimia, akakaa kimya muda mrefu akiliangalia gari. Alafu akaniuliza, dada nesi, hiyo lena ya pikipiki nayo wanatoa bei ileile? Nikamueleza yote, na nikampa namba ya shangazi maana hana pa kufikia. Namba ya NIDA anayo. Mama yake ameanza kuniachia hela ya vitumbua nimuwekee, kila asubuhi silipi, anasema kaa nazo wewe, zikifika nitakwambia. Jana nimezihesabu kwenye kopo, bado kidogo, tunaangalia bamvua lijalo, maji yakijaa sana, ndo avuke.